Maswali na Majibu: Bustani za Herrenhausen, Hannover, Ujerumani

Nina mchana mmoja tu Hannover. Je, Herrenhausen inafaa? (Msomaji, Dodoma)

Inafaa sana. Panda tramu namba 4 au 5 ushuke kituo cha Herrenhäuser Gärten, kisha uanzie Großer Garten, ile ya njia zilizonyooka na miti iliyokatwa ikawa kuta. Mfereji umeizunguka pande tatu. Aliyeikuza hadi ukubwa huo wa takriban hekta 50 ni Sophie, mke wa mtawala wa Hannover na mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza. Kiti hakukikalia: alifia humo humo bustanini, Juni 1714, wiki chache kabla ya Malkia Anne kufariki, na taji likamwangukia mwanawe, George I. Uliza mapema saa za chemchemi, kwani hazirushi maji siku nzima. Ile kubwa hupanda zaidi ya meta 70. Usisimame upande unakoelekea upepo, utaloa.

Jumba la kifalme linastahili muda wangu? (Huyo huyo)

Lipite. La zamani liliteketezwa na mabomu mwaka 1943, hili lilifunguliwa 2013.

Nina watoto watatu. Kuna pa bure? (Msomaji, Hamburg)

Georgengarten, hapo jirani, haina tiketi. Wacha wakimbie nyasini. Lakini mimi ningelipia Großer Garten, kwa ajili ya njia za kupotezana kati ya miti na lile pango lililopambwa kwa vioo na vijiwe na msanii Niki de Saint Phalle.

Eti kuna ua la kwetu lililopata jina huko? (Msomaji, Tanga)

Ni kweli, ndugu yangu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa huko Tanga, aliliona ua dogo la zambarau ambalo wenyeji, bila shaka, walikuwa wakilipita kila siku. Akampelekea baba yake Ujerumani, naye akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen. Wendland akalitangaza mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia, yaani jina la ofisa. Leo liko kwenye madirisha ya nyumba duniani kote, huku misitu lilikotoka ikizidi kupungua. Aliyeko Hannover aingie bustani ya Berggarten, ng'ambo ya barabara, alipofanyia kazi Wendland. Wewe huhitaji viza: panda Amani, wilayani Muheza, ulitafute kwenye miamba yenye kivuli. Usiling'oe.