Tovuti ya Asali: Nimeifungulia Mwaloni

SWALI: Shikamoo dada. Nauza asali hapa Tabora, ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo, nanunua kwa warina asali wa Sikonge. Wateja wangu wengi wako Dar na Mwanza, tunamalizana WhatsApp. Kijana mmoja amenitengenezea mfano wa tovuti, picha zinapita zenyewe na kuna roboti ya kujibu wateja hata usiku. Anataka laki nane na nusu. Mwenzangu ananiambia nisitoe hela, siku hizi unajitengenezea tovuti ya bure kwa nusu saa. Mimi si mtaalamu, nitajuaje ipi inafaa? Na rangi ya njano na nyeusi ni sawa? Ndizo rangi za lebo yangu. Anwani ya huo mfano nimekuwekea hapo chini.
— Muuza asali, Ng'ambo, Tabora

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mfano huo nimeufungua, lakini si ofisini. Nilishuka nao mwaloni Kibirizi, pale boti za samaki zinapotia nanga, jioni, jua bado linawaka, nikiwa na simu ndogo ya laki moja na nusu na bando la kawaida. Tovuti yoyote ninayoletewa hapa Kigoma naipima hivyo kwanza, kwa sababu kompyuta ya fundi haijawahi kununua kitu. Nilihesabu hadi ishirini na tatu ndipo chupa ya kwanza ya asali ikatokea. Bei nimeiona baada ya kubofya mara tatu. Mteja wa Mwanza hasubiri hivyo, anarudi WhatsApp kumuuliza mwingine.

Uzito wote uko kwenye picha. Kijana amezipandisha kama zilivyotoka kwenye simu, picha 12, kila moja karibu MB 4. Hizo ni MB 48 za bando la mteja kabla hajajua lita moja ni shilingi ngapi. Mwambie apunguze upana hadi pikseli 1,200 na azihifadhi kwa muundo wa WebP, kila moja itashuka hadi KB 150 hivi na zote pamoja hazitafika MB 2. Ni kazi ya nusu saa, asikuongezee bei. Na hizo picha zinazopita zenyewe azisimamishe, maana nilikuwa bado nasoma ujazo wa chupa, ikaja picha ya mzinga.

Akibisha, kaeni pamoja mfungue PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya tovuti. Ni bure, unabandika anwani tu, kisha unaangalia upande wa simu. Kile kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kinatakiwa kionekane ndani ya sekunde 2.5, hicho ndicho Google wanachokiita kizuri.

Roboti ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Niliiuliza, "Asali yenu imeganda, mmetia sukari?" Ikanijibu kwamba bidhaa zenu zote ni bora. Wewe unajua jibu lenyewe: asali halisi huganda, hasa kipindi cha baridi, na ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu inarudi kuwa laini. Jibu hilo ndilo linalouza asali, na roboti haikuwa nalo. Nikauliza mzigo wa Mwanza unafika lini. Ikasema ndani ya saa 24. Je, uliahidi hivyo wewe? Roboti za namna hii hupanga maneno yanayofanana na jibu hata pale ambapo hakuna aliyezipa habari, na mteja atakudai wewe ahadi hiyo. Iondoe. Fungua WhatsApp yako, chukua maswali kumi yanayojirudia, yaandike na majibu yako mwenyewe kwenye ukurasa mmoja, chini yake weka kitufe cha kukuandikia na lipa namba yako. Kwa usiku, WhatsApp Business ina ujumbe wa kujibu ukiwa haupo, na ina katalogi ya kupanga bidhaa na bei. Hivyo vyote havina malipo.

Sasa hiyo ya bure ya mwenzako. Siikatai kwa ubure wake. Ninachouliza ni hiki: siku ukitaka kuhama, unaondoka na nini? Google walikuwa na huduma ya kumtengenezea mfanyabiashara tovuti ya bure kupitia wasifu wake wa biashara, na Machi 2024 wakazizima zote. Aliyekuwa amechapisha anwani ile kwenye lebo alibaki na lebo.

Jambo hili linaniuma kwa sababu limetukuta nyumbani. Shangazi yangu anauza dagaa na mawese, na fundi aliyemtengenezea tovuti aliandikisha jina la tovuti yake, ile anwani inayoishia na .co.tz, kwa barua pepe ya fundi mwenyewe. Mwaka wa pili hapokei simu, muda wa jina ukaisha, na shangazi ana pakiti 2,000 zenye anwani isiyofunguka. Tulikaa jioni nzima tukibandika karatasi juu ya kila pakiti. Kwa hiyo kabla ya shilingi yoyote ya usanifu, nenda kwa wakala wa usajili ulipie jina la tovuti kwa jina lako, barua pepe yako na simu yako. Nywila ukae nazo wewe. Namba za wateja pia zihifadhi kwako, na usizigawe ovyo, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Mimi ningebaki na huyo kijana, maana yupo Tabora na unaweza kumfuata. Lakini ningempa kazi ndogo: ukurasa mmoja wa bidhaa na bei, mmoja wa maswali, basi. Bei ishuke ilingane na kazi. Nusu mlipe mwanzo, nusu baada ya wewe kuifungua sokoni kwa simu ya muuza nyanya, si kwa simu yako.

Rangi zako nzuri, zibaki. Ila maandishi ya njano juu ya nyeupe juani hayasomeki kabisa, nimejaribu pale Kibirizi. Bei iandikwe kwa nyeusi, njano ikae nyuma yake.