Kwanza nipate wa kumshika mtoto

Jibu la msomaji kutoka Kibirizi, Kigoma

Mmeuliza wiki hii: "Familia zinazolea watoto wadogo zisaidiwe nini kwanza, fedha au huduma?" Nilimsomea shoga yangu swali hilo tukiwa tunageuza dagaa, akajibu hata sijafika mwisho: "Fedha, kwani kuna kingine?" Nikacheka. Halafu nikamtazama mwanangu alipokuwa amekaa, kicheko kikaniishia.

Mimi nanunua na kuanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, hapa Kibirizi. Nina watoto watatu. Wa kwanza ni binti, yuko darasa la sita. Wa pili yuko la pili. Wa mwisho ana mwaka na miezi minne, na ndiye aliyeniandikisha barua hii.

Kazi yetu inafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowashwa juu ya maji ili wakusanyike. Mbalamwezi ikishika, taa hazifui dafu, na vyombo vinalala ufukweni mpaka giza lirudi. Kwa hiyo siku za giza ndizo za kula, kulipa madeni na kununua madaftari, zote kwa pamoja. Mitumbwi inaanza kuingia saa kumi na moja alfajiri na mnada haumsubiri mtu. Aliyewahi anapata dagaa waliokakamaa, wanang'aa kama sindano. Anayefika saa moja jua limechomoza anauziwa waliolegea, matumbo yamepasuka, na hao hata ukiwaanika vizuri namna gani wanakatika vichwa. Mteja wa Dar es Salaam akishika kiganja cha kwanza akakuta vichwa vimebaki chini ya gunia, bei anapanga yeye.

Sasa niambieni, saa kumi na moja alfajiri mtoto wa mwaka mmoja nimwache kwa nani?

Mgongoni nimembeba sana. Lakini kutandaza dagaa juu ya kichanja wasilaliane, umeinama, jua la saa nne linakuchoma na mtoto naye linamchoma, hiyo kazi ijaribu kwanza ndipo uniambie mama zetu waliweza. Basi nikafanya wanavyofanya wengi ambao hawatakuandikieni: nikachana kipande cha kanga, nikamfunga mguu kwenye nguzo ya kichanja, kwenye kivuli, na kikombe cha plastiki cha kuchezea. Kamba ilikuwa na urefu wa hatua tatu. Siku moja nikasikia analia kilio kisicho cha njaa. Kunguru alikuwa amemnyang'anya dagaa mkononi akamkwaruza kidole. Damu ilikuwa tone moja tu. Mdomo wake mzima ulikuwa umejaa magamba, unameta, maana kumbe alikuwa anawala wabichi tangu asubuhi na mimi nipo mita tano kutoka pale, nahesabu mabeseni.

Baada ya siku hiyo alikaa na dada yake. Na hapo ndipo nilipokosea zaidi, maana kosa la kamba ni langu peke yangu, hili la pili nililitwisha mtoto mwingine. Binti alikuwa anabaki naye mpaka nirudi saa tatu, ndipo akimbie shule. Siku nyingine sirudi saa tatu. Mwalimu wake aliniita, akanifungulia daftari la mahudhurio bila maneno mengi. "Mama, tazama mwenyewe," akasema. Nikahesabu vile vialama vya utoro, nikagundua kwamba vinakuja kwa mafungu: wiki mbili vimejaa, wiki moja hakuna, kisha vinajaa tena. Daftari la shule lilikuwa linaonyesha giza na mbalamwezi.

Nisieleweke kwamba nchi haijafanya kitu. Shule za msingi hazina ada, na za sekondari imeondolewa mpaka kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Ndugu yangu mdogo asingesoma bila hiyo. Kliniki ya mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye kituo cha serikali ni bure kwa mujibu wa sera. Kuna mpango wa kunusuru kaya maskini chini ya TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, nina majirani wawili waliomo, na ruzuku ile ya kila baada ya miezi miwili naiona inavyogeuka sare za shule na bati. Kuna mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo mgawo wa wanawake ni asilimia 4. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024.

Lakini tazameni jinsi fedha hizo zinavyogonga kwenye ukuta uleule. Mkopo wa kikundi utaniongezea mtaji, ninunue mabeseni sita badala ya matatu, sawa, na mabeseni sita yanataka saa nyingi zaidi kichanjani. Mtoto nimwache wapi? Kwenye kunusuru kaya kuna sharti kwamba mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Sharti zuri, mimi silipingi. Ila kwenye nyumba ambayo dada ndiye yaya, mtoto mdogo anakuwa anamlia dada yake shule na anaila ruzuku ya nyumba nzima, kwa sababu tu hakuna mtu mwingine wa kukaa naye kwa muda wa saa nne kila asubuhi.

Wenye ajira wana sheria yao ya mwaka 2004. Mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba siku 3. (Siku tatu! Wangu alizimaliza akitafuta jina.) Sisi wa mwaloni hatuna mwajiri wa kudaiwa likizo. Nilirudi kichanjani kitovu cha mtoto hakijapona sawasawa, maana giza lilikuwa limeanza.

Najua kuna atakayesema, zamani mtoto alilelewa na ukoo, mkono mmoja haulei mwana. Kweli kabisa. Mtoto wangu wa kwanza alilelewa na mama yangu kule Kasulu mpaka umri wa kuanza shule, nikawa natuma hela kwa simu na dagaa kwa basi. Mama sasa magoti hayamruhusu. Dada zangu wako sokoni kama mimi. Mikono ipo, ila yote imeshika beseni. Na msinianze na swali la baba yuko wapi: usiku kucha yuko ziwani, asubuhi hiyo ninayoisema ndiyo anaingia amelowa, hajalala.

Kilichoniokoa ni bibi mmoja wa mtaa wetu, mjane, ambaye alichoka kuona watoto wanafungwa kwenye nguzo kama mbuzi. Maneno ni yake. Akatandika mkeka barazani kwake akasema leteni. Tulianza kina mama watatu, tukafika saba. Kila mmoja anatoa shilingi 1,000 kwa siku na bakuli la dagaa, na zamu ya kuleta unga wa uji inazunguka. Bibi hasomi, lakini anajua nani anahara, nani ana homa, nani analialia tu kwa deko. Tangu mwanangu aanze kukaa pale nawahi mnada, na binti yangu anawahi kengele. Hela inayoonekana kuzidi kwa juma, nikiishika, ni kubwa kuliko mkopo wowote niliowahi kupewa, na wala hairudishwi.

Vituo vya kulelea watoto mchana vipo mjini, vyenye picha za wanyama ukutani. Sina ugomvi navyo. Nilikwenda kuuliza kimoja, nikaambiwa kinafungua saa moja na nusu. Wakati huo dagaa wangu wanatakiwa wawe wameshatandazwa. Tena ada yake ni ya mwezi mzima, na mimi nina fedha wiki mbili, tatu hivi, kisha nakauka.

Nikiri kitu kimoja, kisije kikaonekana nakificha. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo nilikuwa na muda wote wa kukaa na watoto. Nilikaa nao asubuhi mpaka jioni na jikoni hapakuwa na kitu. Kwa hiyo shoga yangu naye hakukosea. Fedha inatakiwa, hasa ile miezi ambayo kazi imesimamishwa na si sisi tuliochagua. Ninachobishia ni neno "kwanza" lililoko kwenye swali lenu.

Mkinipa kalamu ya kupanga, nitaandika banda moja karibu na mwalo, lenye paa, maji na choo cha watoto, lifunguliwe saa kumi na moja alfajiri. Malipo yawe kwa siku ya kazi, yasiwe kwa mwezi. Yule bibi na wenzake wawili wafundishwe na watu wa ustawi wa jamii, wasajiliwe, halafu walipwe wakiwa pale pale wanapojulikana, badala ya kuletewa kijana mwenye cheti asiyeijua mitaa yetu. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali, ile ya kuanzia 2021, inataja vituo vya aina hii vya kijamii. Mwaloni kwetu bado tunaishia barazani.

Giza linaanza Jumanne ijayo. Bibi amekwenda Uvinza kumuuguza mwanawe na hajasema atarudi lini. Jana tulikaa kina mama saba tukatazamana, kila mmoja anamsubiri mwenzake ajitolee kubaki na watoto na kuacha mnada.