Tuulize: Noti za karatasi zilianzia wapi?

SWALI: Mhariri naomba mtuamulie, tumebishana mpaka tukanuniana. Mwenzangu anasema noti ni za Wazungu, mimi nasema Wachina. Nani yuko sahihi? Na ilikuwaje watu wakakubali kupokea karatasi badala ya hela ya kweli?

JIBU: Umeshinda wewe, tena kwa mbali. Noti za kwanza Ulaya zilitoka Sweden mwaka 1661, na Wachina wakati huo walishazitumia mpaka wakazichoka.

Ila swali lako la pili ndo tamu zaidi. Hakuna aliyekaa akawashawishi watu, walichoka tu kubeba! Kule Sichuan, jimbo la China, enzi za utawala wa ukoo wa Song watu walikuwa wanatumia sarafu za chuma, zina tundu katikati, zinatungwa kwenye kamba kama shanga, na chuma thamani yake ndogo kwahiyo ukitaka kununua kitu cha maana unabeba mzigo kwelikweli, yaani hela inaweza kuwa nzito kuliko hata ulichonunua. Wafanyabiashara wa Chengdu, mji wa huko Sichuan, wakawa wanaacha sarafu zao kwa mtu wa kuaminika wanapewa risiti, baadae wakaona mbona hata hakuna haja ya kwenda kuchukua chuma, unampa mwenzako ile risiti na yeye anampa mwingine, mchezo umeisha. Hiyo risiti ndo jiaozi, noti ya kwanza yenyewe. (Kabla ya Song, enzi za ukoo wa Tang, miaka ya 800 mwanzoni, kulikuwa na "hela zinazoruka", ila zile zilikuwa za kutuma pesa toka mji mkuu kwenda mikoani, hazikuzunguka sokoni kama noti.)

Sasa baadhi ya waliotoa risiti wakashindwa kulipa, si unajua tena hela ya watu ikikaa mkononi. Serikali ikaichukua biashara yote 1023 na mwaka uliofuata ikatoa zake, noti za thamani ya kamba 1,256,340 za sarafu huku stoo kuna kamba 360,000 tu za sarafu. Na zilikuwa zinaexpaya, baada ya miaka miwili mitatu unazirudisha unapewa mpya. Baadae vita vikaja, wakachapisha kupita kiasi, thamani ikashuka.

Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia walioiteka China, naye akatoa zake 1260, karatasi ya magome ya mforosadi, na ndizo Marco Polo, msafiri wa Italia, alizokuja kuwasimulia watu wa kwao. Wamongolia wa Uajemi wakajaribu kuiga 1294 pale Tabriz, hazina ilikuwa tupu kwahiyo watu wakalazimishwa wapokee karatasi. Walikataa kabisa, maduka yakafungwa, soko likafa, na miezi kama miwili tu mpango ukafutwa. Pale karatasi ilitangulia kabla ya imani, ndo tofauti na Chengdu.

Na Sweden unajua ilikuwaje? Uzito tena! Hela yao ilikuwa mabamba ya shaba, bamba la daler 10 lina karibu kilo 20, hebu fikiria unaenda nalo dukani. Johan Palmstruch na benki yake ya Stockholm akatoa noti, watu wakafurahi, akakopesha nyingi kuliko shaba aliyonayo, wenye noti walipokuja kudai shaba yao hakuna kitu. Akahukumiwa kifo, ila akapunguziwa akaenda jela. Bunge likaanzisha benki nyingine mwaka 1668, na ndo hiyo Riksbank, benki kuu ya Sweden, ambayo mpaka leo ipo.