Jibu: Uvimbe wa mgongo – msipige MRI ya kiuno peke yake!

Wewe wa Kondele, Kisumu, simamisha hiyo safari ya kesho ya kwenda kupiga picha. Umeuliza aina za uvimbe wa mgongo zinazopasuliwa zaidi, gharama, na siku za kulazwa. Lakini umeandika pia kwamba mama miguu imekakamaa, ganzi inaanzia kitovuni kwenda chini, na karatasi ya daktari inasema "MRI ya kiuno", yaani picha ya sumaku ya sehemu hiyo tu. Hapana!

Ugwe wa mgongo, ule mkanda wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo, unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni nyuzi za neva tu. Ngozi ya kitovu ni ya neva ya 10 ya kifua. Kinachobana kiko usawa huo au juu zaidi, na picha ya kiuno haifiki huko. Mtalipa, mtaambiwa diski (kile kikalio laini kati ya pingili) imetokeza kidogo (nani kapita miaka 50 na yake haijatokeza?), mtapewa mkanda na mazoezi, huku miguu ikizidi kuisha nguvu. Na anayeingia kupasuliwa akiwa bado anatembea ndiye mwenye nafasi kubwa ya kutoka akitembea. Mimi nilipotoshwa na muungwana mmoja wa koti jeupe: "Panapouma ndipo tunapopiga." Basi jino likivuta hadi sikioni, wang'oe sikio! Ile picha ya kwanza naiweka ukutani kama pambo.

Dai MRI ya mgongo mzima, shingo hadi mkia, pamoja na sindano ya gadoliniamu, dawa inayofanya uvimbe ung'ae kwenye picha. Figo zipimwe kwanza. Eksirei safi isiwatulize: mfupa hupoteza karibu theluthi hadi nusu ya madini yake kabla doa halijaonekana.

Gharama na siku za kulazwa tuziache hadi picha sahihi itoke. Aina, haya. Kwa wagonjwa wote, zinazoongoza ni saratani zilizosambaa kutoka titi, tezi dume, mapafu na figo. Hukaa kwenye pingili, hasa za kifua. Lakini wengi wa hao huishia kwenye mionzi, kwa hiyo ukihesabu waliopasuliwa tu, shwanoma (uvimbe wa ganda la neva) na meninjioma (uvimbe wa utando unaofunika ugwe), zilizo ndani ya utando huo ila nje ya ugwe, hupanda sana. Meninjioma hupenda wanawake, na hupenda kifua. Za ndani ya ugwe wenyewe ni chache, kama 5 hadi 10 kwa 100.

Huku kwetu Ziwa Victoria ongeza mawili. Mtoto akipooza ghafla, fikirieni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga ambayo hutibiwa kwa dawa za saratani. Kifua kikuu cha mgongo nacho huiga uvimbe, ila hula diski. Saratani kwa kawaida huiruka.

Mkojo ukimkwama mama, msingoje zamu ya MRI. Ni dharura, usiku huohuo. Na karatasi ibadilishwe leo: MGONGO MZIMA.