Gliserini ya kuweka nyuma kwa choo kigumu
Dada, kwa mama ambaye hajapata choo siku tatu, gliserini ya kuweka njia ya haja kubwa (ile dawa ngumu kama kidonge, si ya maji ya kupaka) inafaa, ila hakikisha ni ya watu wazima. Ikiwa imelainika kwa joto, itie kwenye friji kidogo kabla ya kuifungua. Toa karatasi yote, ilowanishe kwa maji tu. Vaseline hapana, inapunguza nguvu ya dawa. Alale ubavu wa kushoto, akunje magoti, uiingize taratibu, kisha abane kama dakika 15. Mara nyingi choo huja ndani ya saa moja. Kisipokuja usirudie: moja tu kwa saa 24. Akiwa anatapika, anatoka damu au tumbo linamuuma sana, usimwekee kabisa, mpeleke hospitali leo hii.