Mashine ndogo ya kukereza inatosha kwa kalamu

Unajiuliza kama mashine ndogo ya kukereza itafaa kutengeneza kalamu za mbao? Inatosha kabisa. Kipande cha mbao cha kalamu kina unene wa kama sentimita 2 tu, hata mota ndogo haisumbuki nacho. Ila kabla hujanunua ule mhimili mwembamba wa kushikia vipande, angalia tundu la kichwa cha mashine: ni la kipimo cha Morse (tundu linalozidi kuwa jembamba kuelekea ndani) namba 1 au namba 2? Ukikosea, haukai sawa.

Kalamu ikitoka na umbo la yai, usikimbilie kulaumu mashine. Mara nyingi nati ya mhimili imekazwa kupita kiasi, mhimili ukapinda. Kaza kwa vidole, mbao isiteleze tu, basi.

Anza na kalamu nyembamba, zile za vibomba vya shaba vya milimita 7 vinavyoingia kwenye tundu la mbao. Vifaa vyake ndivyo vya bei nafuu. Mimi nakereza mpingo: toboa taratibu, chomoa biti kila mara utoe vumbi, la sivyo unapata joto na kupasuka. Na vaa barakoa, vumbi lake linawasha kweli. Hela iliyobaki weka kwenye jiwe la kunolea. Patasi butu huchana mbao, na msasa hauokoi.