Muulize Kocha: Mbio Juu ya Mawe ya Volkano

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu raha ya kukimbia kwenye ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la kileleni mwa volkano. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi, na nusu yake zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Nimechagua hizi.

Shikamoo Kocha. Nakimbia nusu marathoni ya lami kwa saa 1 na dakika 50. Wenzangu wamenialika tukazunguke kreta ya Mlima Longonot, Kenya. Nasikia safari nzima ni kilomita 13 na kitu. Nikiwaambia nitamaliza kwa dakika 80 nitakuwa nimesema uongo? — Mtoto wa Lami

Marahaba, mwanangu. Utakuwa umesema uongo, tena mkubwa.

Kilomita ulizosikia ni za kweli: 3.1 kutoka langoni hadi ukingoni, 7.2 za kuuzunguka ukingo, kisha 3.1 za kurudi. Ila ukingo wenyewe haukusawazishwa kama mdomo wa chungu. Unapanda, unashuka, unapanda tena, na upande wa pili kuna kilele cha mita 2,776 ambacho hakina njia ya kukikwepa. Ardhi nayo ni majivu ya kale, laini, ambayo mvua na nyayo za watu zimeyachimba mpaka njia imekuwa mfereji. Pako mahali mfereji ni mwembamba kiasi kwamba unaweka mguu mmoja mbele ya mwingine kama paka juu ya ukuta. Mara yangu ya kwanza, nikiwa na kasi nzuri kuliko yako, nilitumia saa 2 na dakika 50. Karibu nusu saa ya hizo nilikuwa nimekaa nikijifanya natazama mandhari.

Kwa hiyo panga kwa saa, kilomita ziache. Tenga saa 3 hadi 4 na ubebe maji yako yote kutoka chini. Milima ya volkano huwadanganya wengi kwenye maji: mvua inaweza kunyesha kutwa na usione kijito hata kimoja, kwa sababu majivu na mawe yenye nyufa huyanywa maji palepale yanapoanguka.

Kocha, jozi ya pili ya viatu imeniishia ndani ya miezi 3. Kitambaa cha juu kimechanika, soli imekatwakatwa kama imepitiwa na wembe. Aliyeniuzia anasema natua vibaya. Kosa ni la nani? — Visigino Moto

La jiwe. Aliyekuuzia msamehe, pengine hajawahi kulikanyaga.

Lava, yaani mwamba ulioyeyuka unaotoka volkanoni, ikipoa kwa haraka haipati muda wa kujenga chembe zake vizuri, na sehemu yake hubaki kioo. Sisemi kwa mfano: ni kioo hasa, na kikimeguka kinakata. Chini ya ngozi ya goti langu la kushoto kuna nukta nyeusi kama tone la wino. Ni chembe ya lava iliyobaki ndani nilipoanguka, na sasa ina miaka 9. Daktari alitaka kuitoa, nikamwomba aiache. Huwa naitazama kila ninapofunga kamba za viatu.

Nilianguka kwenye lava ya aina inayoitwa aa. Jina ni la Wahawaii, nao wataalamu wa dunia nzima wamelikubali. Aa ni uwanja wa mabonge yaliyochongoka, yamelala ovyo, mengi hayajashikamana na kitu. Unakanyaga bonge, bonge linageuka, kifundo cha mguu kinageuka nalo. Hapo sikimbii tena. Natembea, na nimevaa glavu nyepesi, kwa sababu mtu akianguka mikono ndiyo inayotangulia.

Ndugu yake ni pahoehoe, jina la Wahawaii pia. Hii ni laini usoni, imekunjamana kama shuka au imesokotwa kama kamba za jahazi. Kuikimbia ni raha, mguu unashika. Tatizo lake limejificha. Wakati ilipokuwa inatiririka, juu paliganda kwanza, chini pakaendelea kwenda, na mara nyingine pakabaki tupu. Unaweza kuwa unakimbia juu ya paa. Tumia masikio: jiwe lililojaa hutoa mlio mfupi na mkavu, na lenye uwazi chini huvuma kama ngoma. Nikisikia ngoma nasimama, napiga kwa fimbo mbele yangu, kisha nazunguka. Mwenzangu mmoja aliwahi kuzama hadi ugokoni. Kuingia kulimchukua nukta moja, kuutoa mguu bila kuchunika kulichukua robo saa.

Hayo mengine ni mepesi zaidi. Kokoto nyekundu na nyeusi za kwenye vilima vya volkano hubingirika kama shanga, basi kaza tumbo na fupisha hatua. Yale mawe meupe-meupe yenye vitundu, ya kusugulia visigino, husagika chini ya mguu. Ukipanda hatua mbili unarudi moja. Majivu makavu ni vumbi tu. Yakilowa yanakuwa sabuni.

Sasa viatu. Tafuta soli ya mpira mgumu, ncha iliyokingwa vizuri vidoleni, na kitambaa chenye matundu madogo ili chembe zisipenye. Zaidi ya yote vaa vile vifuniko vya kitambaa vinavyoziba mdomo wa kiatu. Vimeniokolea soksi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Hata hivyo viatu vitakufa mapema, zoea.

Mimi nina pumu. Kwenye mlima mmoja nilisikia harufu ya yai bovu, baadaye ikatoweka, nikafurahi nikaendelea. Nilifanya sawa? — Dada wa Pumzi Fupi

Dada yangu, hapo mimi ningegeuka.

Harufu ya yai bovu ni ya haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo, pua inaikamata mara moja. Ikizidi, inaua nguvu ya kunusa, ukadhani imeondoka kumbe umo ndani yake. Huenda ulikuwa umetoka tu kwenye eneo lake, siwezi kujua nikiwa hapa, ila kutoweka kwa harufu kusikupe moyo. Salfa dioksidi ni nyingine: inachoma kooni kama moshi wa kiberiti kilichowashwa puani, na ndiyo inayobana kifua cha mwenye pumu. Ukiisikia, rudi. Usingoje kikohozi cha pili.

Ninayoiogopa kuliko zote haina harufu. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, hutambaa na kujaa mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri tulivu isiyo na upepo. Kwenye kisiwa cha La Palma, Hispania, volkano ililipuka Septemba 2021 ikanyamaza Desemba mwaka huohuo. Lava haikuufikia mji wa pwani wa Puerto Naos, lakini wakazi wake walizuiwa kurudi kwa zaidi ya mwaka kwa sababu gesi hii iliendelea kupanda kutoka ardhini hadi ndani ya nyumba. Mlima umetulia, anga ni la buluu, na mtu haruhusiwi kulala chumbani kwake.

Kwa hiyo usipumzikie bondeni wala shimoni, hata jua likiwa kali na kivuli kinakuita. Ukitaka kufunga kamba, panda kwanza kwenye kituta. Ukiona wadudu au ndege wamekufa kwenye kishimo, usiende kuchungulia. Kaa upande unakotoka upepo. Barakoa ya kitambaa hupunguza majivu, gesi haizuii. Dawa yako ya kuvuta iwe mfuko wa mbele, na daktari wako ajue unakokwenda kabla hujaenda.

Kupanda naweza. Kushuka kwenye changarawe magoti yananililia. Nifanyeje? — Babu wa Miaka 44

Babu gani wa miaka 44! Acha kujizeesha.

Mwaka 2014 Karl Egloff wa Ecuador alipanda Kilimanjaro na kushuka kwa saa 6 na dakika 42. Kupanda kulichukua saa 4 na dakika 56. Piga hesabu uone kushuka kulibakiwa na muda gani. Mimi na wewe hatutafika huko, lakini tunaweza kuiba mbinu: asiyepigana na changarawe hubebwa nayo. Anayeumia magoti ni yule anayejivuta nyuma na kufunga breki kila hatua. Inamisha mwili mbele kidogo, kunja magoti, zamisha kisigino, na kabla mguu haujamaliza kuteleza uwe umeshauinua mwingine. Hatua fupi, nyingi. Macho hatua 5 au 6 mbele.

Msishuke mkiwa mmepangana mmoja juu ya mwingine, mawe ya wa juu humshukia wa chini. Tena angalia saa: juu sana kwenye baridi, changarawe iliyoganda usiku ni ngumu kama saruji na haikubebi. Ngoja jua liilegeze.

Ukipewa tiketi moja tu ya mbio za milimani, Transvulcania au Laugavegur? — Mwota Ndoto

Transvulcania ya La Palma ni kilomita 74. Unaanza gizani kwenye mnara wa taa wa Fuencaliente, karibu na bahari kabisa, na kazi ya kwanza ni kupanda mchanga mweusi. Unafika kilele cha Roque de los Muchachos, mita 2,426, halafu unashushwa tena hadi baharini, na baada ya hapo, wakati miguu imeshakata tamaa, unapandishwa hadi mji wa Los Llanos. Aliyeipanga njia ile ana roho ngumu.

Laugavegur ya Iceland ni kilomita 55, na wapanda milima kwa kawaida huitembea siku kadhaa. Kuna mvuke unaotoka ardhini, theluji katikati ya Julai, mito ya kuvuka kwa miguu yenye maji yaliyotoka kwenye barafu, na sehemu iitwayo Hrafntinnusker, ambayo jina lake linatokana na lile jiwe jeusi la kioo lililotapakaa pale. Mimi ni mtu wa jua. Nichukulie La Palma, na hiyo mito umpe adui yangu.

Naweza kukimbia Ol Doinyo Lengai, volkano ya Tanzania? — Simba Mdogo

Hapana. Mlima ule wa mita 2,962 umesimama wima kiasi kwamba mikono nayo hufanya kazi, na watu huupanda usiku kwa sababu mchana joto halivumiliki. Lava yake haina mfano kwenye volkano nyingine yoyote hai leo: ina joto la nyuzi 500 na zaidi tu, chini sana kuliko lava ya kawaida, kwa hiyo mchana haiwaki nyekundu. Inaonekana kama tope jeusi, na ikishapoa inageuka nyeupe. Usitegemee rangi ikuonye, na ukingo wa kreta hauna uzio. Nenda na kiongozi anayeujua mlima, tembea, na viatu vya mbio viache kwenye begi.